Sevisi Kubwa, Barabara ya Kumi na Mbili

Saa moja asubuhi Ngamiani bado inapiga mswaki,
nami nimeshafika na Raum yangu, funguo mkononi,
kama mgonjwa aliyeambiwa aje bila kunywa chai.
Fundi Semboja si mtu wa salamu ndefu.
Anafungua boneti, anainama, anategea sikio.
"Washa. Zima. Washa tena."
Kisha ananiuliza lile ninalowauliza wenzangu
mwaka wa kumi na tisa sasa, zahanati ya Pongwe:
"Mara ya mwisho ulikuja lini?"

Juzi juzi, nikasema.
Akafungua mlango, akasoma kikaratasi
nilichosahau kukibandua, mwandiko wake mwenyewe:
*oili, elfu themanini na nane.*
Na dashibodi, haina hata haya,
inasema laki moja na tatu.

"Basi kaa nikueleze. Hii si ile ndogo,
ya kumwaga oili, kupangusa kioo, ukaenda zako.
Hii inakula siku, na pengine imeng'ate kesho kidogo.
Filta zote: ya oili, ya hewa, ya petroli.
Plagi nne. Maji ya rejeta, yale ya kijani,
si ya bombani, hata kama bomba lipo na haraka unayo.
Oili ya giaboksi. Ya breki,
hiyo hakuna anayeikumbuka mpaka mguu uzame.
Na mkanda wa taimingi."
Hapo akanyamaza, akatafuta spana asiyoihitaji.
"Huo hauumi. Haulii, hautoi moshi.
Siku ukikatika, utakatikia Kabuku, saa tisa usiku."

Nilitaka kucheka. Maneno yangu hayo!
Haiumi, mama, presha; ndiyo maana nakupima.

Bei aliiandika kwenye boksi la oili.
Nikapunga mkono juu ya sifuri ya mwisho,
huenda ni inzi.
Haikuruka.

Adhuhuri gari lipo juu ya magogo, matairi hayapo,
limekaa kama mtu aliyevuliwa viatu mlangoni pa watu.
Hoza, kijana wake, anaosha nati kwenye kopo la maziwa,
anazihesabu kwa kunong'ona, anakosea, anaanza upya.
Fundi ananiita nichungulie uvunguni:
Sahare, ninakolaza gari, imeandika jina lake kwa kutu
kwenye bomba la eksozi, herufi kwa herufi.
"Na bushi hizi! Unapita wapi wewe?"
Nikamtajia: Kirare, Marungu,
kule wanakopiga simu usiku na ambulensi haina mafuta.
Hakusema kitu.
Bushi hakuziandika kwenye boksi.

Saa kumi na moja akanikabidhi mfuko wa salfeti,
vya zamani vyote humo, nione kwa macho,
maana mjini hapa kuna wanaobadilisha maneno tu.
Niliutoa mkanda, nikaukunja kwa vidole gumba:
ukaachia magaga,
kisigino cha kiangazi.
Elfu ngapi nilizobebwa na uzi huu, nikiimba?

Nikawasha. Sikusikia kitu.
"Ndivyo utarajie," akasema, "usitafute mlio.
Rudi baada ya kilomita elfu, nikaze tena.
Ukiona tone chini, usilifagie, niite."

Ndipo nikazima, nikateremsha kioo.
"Na Mwanakombo, Fundi? Mwezi wa saba ule.
Mara ya mwisho alikuja lini?"
Akajifuta mikono kwa tambara
chafu kuliko mikono.
"Juzi juzi," akasema.

Ijumaa, kabla sijafungua dirisha la Pongwe,
walikuwa wawili kwenye benchi.
Yeye ndiye aliyeshika kadi,
kwa ncha za vidole, mbali na shati,
na bado kwenye kona, juu ya jina la mkewe,
dole gumba la grisi.